Vidole vya Fundi Maneno

Kuna watu wanaoamini saa, na kuna wanaoamini redio. Fundi Maneno wa Muhima, mtaa wa Kigali, aliamini vidole vyake. Futi ya kupimia alikuwa nayo, ameivaa shingoni kama mafundi wote, na urefu wa suruali na upana wa kifua aliupima nayo. Lakini yale ya kuongeza, yanayofanya nguo isimbane mtu wala isimpwaye, hayo aliyapima kwa vidole: viwili kwenye kola, vitatu kwapani, vinne kiunoni. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, aliyezaliwa Ujiji na kuzikwa Kigali. Mzee alimwambia futi huchakaa na kuvutika, ila kidole cha mtu mzima ni kilekile mpaka kaburini. Maneno alikuwa na miaka kumi na minne aliposikia hayo, na hakuona sababu ya kuyauliza maswali.

Ukishuka kutoka mjini kwenda Nyabugogo, kibanda chake kilikuwa mkono wa kushoto, vyerehani viwili barazani. Kimoja kilikuwa chake, kingine cha Nduwayo, mtu wa Gitarama, mwembamba na mpole, ambaye angeweza kukaa kutwa nzima bila kusema zaidi ya kuitikia salamu. Maneno alipima, akachora kwa chaki, akakata. Nduwayo alishona palipochorwa. Miaka kumi na mmoja walifanya kazi hivyo na kula mchana sahani moja, na ndoa nyingi hazifiki hapo.

Matatizo yalianza polepole, ndiyo maana hakuna aliyeyaona yakiingia. Mwanzoni mwa mwaka 1990 mwalimu mmoja alirudisha suruali akisema inamteleza. Maneno alimtazama, akacheka. "Mwalimu, umekonda. Mwambie mama watoto aongeze maharage." Akaibana, yakaisha. Wiki iliyofuata akaja mwingine, kisha mama mmoja wa duka la vitenge, mabega ya gauni yamemlalia mikononi. Wote wamekonda! Maneno akaanza kuwaonea huruma watu wa Kigali. Kahawa imeshuka bei, alisema, watu wanakula vibaya. Akamweleza mkewe, Mukabalisa, kwamba mji mzima unakonda. Mukabalisa, aliyekuwa akipigana na vifungo vya gauni lake la mwaka juzi, alimjibu, "Baba Mahoro, mimi sijakonda hata kidogo."

Zilikuwepo dalili nyingine. Kastabani yake ya shaba, aliyoivaa kidoleni tangu ujana kujikinga na sindano, siku moja ilikataa kuingia. Maneno alisema shaba husinyaa kwa baridi ya milima. Viatu navyo vilimbana, akasema Wahindi siku hizi wanatengeneza viatu vya ovyo. Kila kitu alikipatia sababu yake, na kila sababu ilikuwa nje ya mwili wake. Tusimcheke sana. Ni nani akivaa kiatu kikambana hudhani mguu ndio uliokua, naye ana miaka arobaini na tatu?

Halafu ukaja mwezi wa kumi, vita vikaanza kaskazini, na mji ukabadilika sura. Katikati ya hofu hiyo, Nahimana, karani wa wizara moja, aliozesha binti. Suti yake ya harusi ilishonwa na Maneno. Jumatatu asubuhi alifika barazani ameivaa suti hiyohiyo, makusudi, ili kila mpita njia aione. Akaingiza vidole vyake ndani ya kola, vyembamba, vya mtu wa kalamu. Viwili, cha tatu, na cha nne kikafuata.

"Fundi, ona," alisema. "Vidole ine iko inaingia. Watu ya mukwe wangu walicheka. Waliniuliza kama hii koti niliazima kwa mutu munene."

Maneno aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alimvua koti, akafumua bitana, akaitafuta mistari ya chaki, akaweka vidole vyake. Kola: viwili kamili. Kwapani: vitatu. Kiunoni: vinne. Alipima tena. Vidole vilikubali kila mahali, na nguo ilikuwa kubwa mbele ya macho yake. Kama kipimo ni sahihi na mkato ni sahihi, kimebaki nini? Imebaki kushona. Akamgeukia Nduwayo.

"Umenifanyia nini?"

"Mimi nashona kwa chaki, fundi," Nduwayo alisema. "Penye umechora, njo nashona."

"Chaki haikosei! Umekula hela za mafundi wa sokoni, sivyo? Unaniharibia kusudi!" Watu walianza kusimama. Maneno aliwaona, na badala ya kunyamaza akapandisha sauti. "Huyu si bure! Huyu ana watu nyuma yake!"

Mwezi mwingine wowote, hayo yangekuwa matusi ya mafundi. Mwezi ule, kumsema mtu kwamba ana watu nyuma yake kulikuwa ni kumwita mshirika wa waasi, neno la kumpoteza. Waliosikia walilibeba, kila mmoja akaliongezea chake. Alhamisi walikuja wanaume wawili kibandani, wakamtaja Nduwayo kwa jina, wakaondoka naye. Alifungwa pamoja na mamia waliokamatwa siku hizo, na akakaa ndani miezi sita.

Mkewe alikuja kwa Maneno mara tatu. Hakuomba kitu kikubwa. Aliomba Maneno aende aseme kwamba ugomvi ulikuwa wa kola ya koti, basi. Maneno alimwambia nitakwenda kesho, kisha nitakwenda wiki hii, na mara ya tatu alimtuma Mukabalisa aseme hayupo. Aliogopa. Hatuna haja ya kumpamba, aliogopa kwamba na yeye atabakizwa kulekule. Nduwayo alipotoka mwezi wa nne, alikuja na mkokoteni, akapakia cherehani chake bila kumwangalia mtu, akahamia Kabeza, upande wa uwanja wa ndege.

Sasa Maneno alikuwa anakata na kushona mwenyewe, na hapo ndipo alipochanganyikiwa kweli. Nguo ziliendelea kupwaya. Zilizidi! Alibadilisha chaki. Alibadilisha cherehani. Alimwita mtu asome dua kibandani, nguo zikapwaya na dua. Akitaka kulala, swali lilimrudia: kama si Nduwayo, ni nani? Naye alilifukuza swali hilo kwa nguvu, maana jibu lolote lingemaanisha kwamba amemtia mtu jela bure. Wateja wakapungua. Kichwa kilimuuma kila siku, na jasho lilimtoka hata asubuhi ya mvua, akalazimika kuweka kitambaa chini ya mikono asilowanishe nguo za watu.

Mwezi wa pili wa 1992 alikuja mteja mpya, Daktari Mukankusi, mwanamke aliyekulia Bukavu na kusomea Ubelgiji. Alitaka koti jeupe la kazi. Maneno alipima bega, akaweka vidole kwapani kuongeza, na daktari hakuangalia koti. Aliuangalia mkono.

"Mzee, leta ule mkono." Akaugeuza, akaubonyeza. "Pete yako iko wapi?"

"Ilinibana, mke wangu aliikata kwa koleo."

"Viatu unavaa namba gani?"

"Arobaini na nne." Kisha, kwa sauti ndogo: "Zamani arobaini na moja."

"Kichwa inakuuma? Jasho?"

"Na kukoroma!" Mukabalisa alidakia kutoka ndani. "Muganga, majirani walituletea sukari wakidhani tuna mgonjwa mahututi."

Daktari hakucheka. Aliomba picha ya zamani. Maneno hakuwa na nyingine karibu ila ile ya kitambulisho, iliyopigwa 1984. Daktari aliishika kando ya uso wake, akatazama picha, akatazama uso, paji, pua, kidevu, akarudia. Mukabalisa naye akatoka kuangalia, na mkono ukamwendea mdomoni. Alikuwa amelala na uso ule kila siku, umebadilika mbele yake kidogokidogo, na hakuwa ameuona.

Walimpiga picha ya fuvu. Damu yake ilipelekwa Ubelgiji kwa ndege, majibu yakachukua wiki sita. Daktari alimwita ofisini akamwonyesha kwenye ile picha nyeusi kishimo cha mfupa katikati ya kichwa, kilichotanuka kuliko kawaida.

"Hapa chini ya ubongo kunakaa tezi, ndogo kama haragwe. Njo inaagiza mwili ukue."

"Lakini mimi nimeshakua, Muganga."

"Njo shida yenyewe." Alifikiri kidogo, akaitazama futi iliyokuwa shingoni kwa Maneno. "Mzee, sikia. Kila chembe ya mwili wako iko na sanduku, na ndani yake karatasi zote za kukatia nguo. Ya shati, ya suruali, ya koti, zote. Chembe ya jicho iko nazo zote, ya ini iko nazo zote. Lakini ya jicho inafungua zile zake tu, zingine zinalala zimekunjwa. Kwenye ile tezi, ziko chembe zenye kazi ya kufungua karatasi ya ukuaji. Zikiambiwa fungua, zinafungua. Zikiambiwa imetosha, zinakunja. Chembe yako moja ilipata kosa, ndogo sana, kama herufi moja kwenye barua ndefu. Sasa haisikii imetosha. Inakata makoti kutwa kucha, na imezaa zingine zisizosikia. Zimejikusanya, zimekuwa uvimbe."

"Nani aliifanyia hivyo?"

"Hakuna mtu."

"Nimerithi kwa baba?"

"Hapana. Ilianzia kwako."

"Nimerogwa?"

"Hapana, Mzee. Inatokea tu."

Maneno alikaa akiyageuza hayo. Kwake, kila kosa lilikuwa na mwenyewe. Nguo ikiharibika, kuna aliyeiharibu. Kosa lisilo na mtu hakujua alikamatie wapi. Kisha akaviona vidole vyake vimelala pajani, vinene, vigeni, akauliza polepole, "Vilianza kukua lini?"

"Miaka tano, sita. Pengine zaidi."

Alihesabu kurudi nyuma. Alipita mwaka 1990, akampita Nahimana na mwalimu na mama wa vitenge. "Basi hakuna aliyekonda," alisema. Daktari hakuelewa. Maneno akamsimulia yote, vidole viwili vya kola, vinne vya kiuno, Nduwayo, Alhamisi ile, mke wa Nduwayo mlangoni. Alilia mbele ya mwanamke mgeni na hakujali.

"Huyo mtu anajua?" daktari aliuliza.

"Hajui. Anajua tu kwamba nilimtukana nikamwacha afungwe."

"Basi lazima umwambie. Hiyo mimi siwezi kukufanyia."

Angeweza kwenda siku ileile, Kabeza si mbali. Hakwenda. Alijiambia kwamba atakwenda akishapona, na uso wake mwenyewe, ule wa picha. Kumwomba mtu radhi kwa sura ya kuazima aliona ni kama kutomwomba. Lilikuwa wazo la mtu mwenye aibu, na aibu hupenda kupata kisingizio.

Mwalimu wa zamani wa Daktari Mukankusi kule Ubelgiji alikuwa akizikusanya tezi za namna hiyo kwa utafiti, akakubali kumpokea na kugharimia safari. Maneno alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Walimpasua kwa njia ya puani, jambo ambalo watu wa Muhima hawakuliamini hata alipowaapia. Aliporudi, jasho lilikuwa limekata na kichwa kimetulia, na mikono imepungua uvimbe kidogo. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akingoja kidevu kirudi. Miezi ikapita, kidevu kikabaki hapohapo. Mwaka uliofuata barua ya utafiti ilipofika, daktari alimsomea.

"Wamehesabu karatasi zilizofunguliwa ndani ya uvimbe, wakalinganisha na tezi isiyougua. Ile ya ukuaji ilikuwa inatolewa nakala mara nyingi sana kupita kawaida. Zingine zilizotakiwa kufunguka, zilikuwa zimefungwa. Na iko moja ilifunguliwa bila kazi, ile ya kuleta maziwa ya mama."

"Maziwa? Mimi mwanamume!"

"Karatasi unayo, Mzee. Kila mtu iko nayo, inalala tu."

Maneno alitikisa kichwa. Kila alipodhani ameuelewa mwili wake, ulimtolea jambo jipya. "Na uso, Muganga? Uso unarudi lini?"

Daktari aliiweka barua chini. "Nyama inarudi kidogo. Mfupa haurudi. Huo njo uso wako."

Basi kisingizio kikaisha. Mwezi wa tisa 1993, mkataba wa amani ulipokuwa umesainiwa Arusha na watu wameanza kutembea kwa moyo mwepesi kidogo, Maneno alivaa kanzu safi akaenda Kabeza. Njiani kulikuwa na kizuizi. Askari alikishika kitambulisho, akatazama picha, akatazama uso.

"Hii ni ya mutoto yako?"

"Ni yangu, afande. Niliugua." Akatoa cheti cha daktari, chenye mihuri miwili. Askari alikisoma kwa muda mrefu, akamtazama tena kwa namna mtu anavyotazama noti asiyoiamini, akamwachia. Maneno aliendelea na safari akijiuliza, kama karatasi ya serikali inamkana, atajulikanaje na mtu aliyemkosea?

Nduwayo alikuwa barazani kwake, peke yake, amepata mvi. Alinyanyua kichwa na kutabasamu kama anavyomtabasamia mteja yeyote.

"Karibu, muzee. Unashonesha ama unapunguzisha?"

Maneno alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yote yalimtoroka. "Koti," alisema, na sauti yake, iliyokuwa imekwenda chini na kuwa nzito tangu ugonjwa, haikumkumbusha Nduwayo kitu chochote. Nduwayo alimpima kifua kwa futi. Kisha akachukua kijiti chenye alama nne zilizokatwa kwa kisu, akakilaza kwenye kitambaa, akachora kwa chaki.

"Hicho ni nini?" Maneno aliuliza.

"Ni vidole ya fundi mumoja ya Muhima. Nilipima kwa koti ya zamani, yenye alikata zamani kabisa. Vidole yangu ni nyembamba, haifai." Alikipangusa kijiti kwa kiganja. "Hakuna mutu alikuwa anakata kama yeye."

Hapo ilitosha kusema ni mimi. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini Maneno aliyeogopa kwenda gerezani miaka mitatu nyuma alikuwa bado yumo ndani ya mwili huo mkubwa, na kilichotoka kilikuwa hiki: "Ndiyo habari iliyonileta. Huyo Maneno. Anasema kosa halikuwa lako. Alikuwa anaumwa bila kujua, vidole vyake vilikuwa vinakua, ndivyo vilivyoharibu nguo. Anaomba umsamehe. Kwa lile neno, na kwa mkeo kukuta mlango umefungwa."

Nduwayo aliweka chini chaki. Watu wakikosana, ni kawaida kumtuma mkubwa wa ukoo atangulie kulainisha, naye alilielewa hivyo.

"Wewe iko ndugu mukubwa yake," alisema. "Ile ya Bujumbura. Alikuwa ananiambia habari yako. Macho yenu ni moja."

Maneno aliyashusha macho kwenye kijiti.

"Asante kwa kutoka mbali, muzee. Hiyo ya vidole sielewi, lakini nimesikia." Sauti yake ilibaki ya upole, ila mikono ilikuwa inakunja na kukunjua ukingo wa kitambaa. "Nilikaa mule ndani miezi sita. Bibi yangu alienda kwake mara tatu. Hakutuma hata mutu kuniambia pole. Leo anatuma mukubwa yake. Umwambie mimi sina kinyongo, Mungu anajua. Lakini akuje mwenyewe. Miaka tatu niko namungojea hapa. Akuje nimuone uso."

Mama mmoja alipita na beseni la ndizi, akawasalimu wote wawili, wakaitikia.

"Nduwayo," Maneno alisema, "amekuja."

Nduwayo alitazama barabarani kwanza, huku na huku, kumtafuta aliyekuja. Kisha akarudisha macho kwa mgeni wake. Akasimama, akakaribia, akaanza kutafuta kwenye ule uso, paji, pua, kidevu, kama anayetafuta ncha ya uzi kwenye kibiringo kilichovurugika. Na Maneno, aliyekuja na mengi ya kusema, alisimama wima tu, akimwomba Mungu kwamba Nduwayo amwone.